SOMO LA MAISHA: KUCHAGUA NDOANA, KAMBA, FIMBO NA KIGURUDUMU CHA KUVUA SAMAKI



Sisi wa mwaka wa sita tumepewa kurasa hizi tuandike somo lenye kusaidia nyumbani. Tumechagua uvuvi wa ndoana, ile kazi ambayo kwetu tunaita kuloba. Juu ya nini? Kati yetu wamoja wanatoka Sake, fasi ziwa Kivu linagusa Masisi. Wengine wanatoka upande wa maziwa ya Mokoto. Wengine tena ni watoto wa Walikale, waliokomaa karibu na mto Lowa na mto Oso. Maji tunayo. Lakini mara mingi maji yako mbele ya nyumba na sahani iko bila mboga.

Tena miaka hii si rahisi. Mwaka 2025 vita ilifika Masisi-centre mu mwezi wa kwanza, na Walikale-centre mu mwezi wa tatu. Jamaa mingi ziliacha mashamba. Mwenye kukimbia hawezi kubeba shamba la maharage, lakini anaweza kubeba ndoana sita na kamba iliyokunjwa ku kipande cha mti. Na masomo ya msingi yalifanywa bure mu shule za umma tangu 2019, lakini sekondari bado inalipiwa. Samaki mmoja hawezi kulipa muhula mzima, kweli. Lakini franka ambayo mama hakutoa kwa mboga, hiyo inabaki kwa daftari.

Sasa, tunajua wamoja wenu mnaonyeshana mu simu picha za watu wenye fimbo za kung'aa, mkisema: bila hii hakuna kuvua. Somo letu linajibu neno hilo. Vifaa vinachaguliwa kuanzia kwa samaki, kiisha vinarudi mpaka mkononi. Ndoana kwanza, kamba ya pili, fimbo ya tatu, kigurudumu cha mwisho. Pesa nayo ifuate njia hiyohiyo. Mwenye kuanza na kigurudumu anajenga nyumba kuanzia ku mabati.

1. JUA KWANZA MAJI NA SAMAKI

Mbele ya kununua kitu, jiulize: nitavua samaki gani, na wapi?

a) Sambaza. Hawa waliletwa ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Ni wadogo, wanatembea kwa makundi, na wanavuliwa usiku kwa taa na nyavu, mitumbwi mitatu ikifungwa pamoja. Ndoana si kazi yao. Usinunue kamba ukitumaini sambaza.

b) Tilapia. Ana kinywa kidogo, anakula vitu vidogo vya majini na wadudu. Anapenda maji yenye kutulia, karibu na majani ya ukingo. Anakubali minyoo ya udongo na tonge dogo la ugali lililokandwa vizuri.

c) Kambare. Ana ndevu na kinywa kipana, anatafuta chakula chini, zaidi usiku. Anakula minyoo, matumbo ya kuku, samaki wadogo. Ana nguvu, tena anaweza kuvuta hewa ya nje, njo maana anakaa mzima muda mrefu mu kikapu. Angalia miiba ya mapezi yake ya ubavuni: inachoma.

d) Samaki wa mito yenye mkondo. Lowa inapeleka maji yake ku Lualaba, na Lualaba njo mto Congo. Mu mito hii samaki anasaidiwa na nguvu ya maji, kwa hiyo samaki wa kilo moja anavuta sawa vile wa kilo mbili. Mu mto Congo wenyewe kuna mbenga mwenye meno makali: huyo anakata nailoni, wavuvi wanaweka kipande cha waya mbele ya ndoana.

Neno moja la jiografia linalookoa pesa. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, lakini oksijeni haishuki mpaka chini. Kuanzia karibu mita 60 hakuna oksijeni tena, na mu ghuba ya Kabuno, pale Sake, inaisha karibu mita 10 tu. Fasi hakuna oksijeni, samaki hakuna. Kwa hiyo mtu akikuambia ununue mita 300 za kamba kwa sababu ziwa ni refu chini, umwambie amesahau somo la kemia.

2. NDOANA NA FUNDO

Ndoana ni kitu kidogo kuliko vyote, lakini ndiyo inayomgusa samaki. Mu Injili, Petro mwenye nyavu alitumwa siku moja aende na ndoana tu (Mathayo 17). Msiidharau.

Namba za ndoana zinachanganya watu wengi ku soko. Namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Lakini ukikuta namba yenye mkwaju na sifuri, ni kinyume: 2/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kwa tilapia chukua namba 8 au 10. Kwa kambare chukua 1/0 au 2/0. Ndoana kubwa mu kinywa kidogo haiingii. Ndoana ndogo mu kinywa kipana inanyooka au inatoka.

Pima ncha yake ku ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, haina makali: inoe juu ya jiwe laini. Ikishika ukucha papo hapo, ni nzuri. Kutu inaondoa nguvu. Kausha ndoana zako mbele ya kuziweka.

Kiisha, fundo. Fundo la kawaida, lile la kufunga kamba ya kiatu mara moja, linaweza kupunguza nguvu ya nailoni karibu nusu. Ni sawa na kununua kamba ya kilo sita na kutumia ya kilo tatu. Fanya hivi:
- Pitisha kamba mu tundu la ndoana.
- Zungusha ncha mara tano juu ya kamba yenyewe.
- Rudisha ncha mu kitundu kilichobaki karibu na ndoana, kiisha mu kitanzi kikubwa kilichotokea.
- Lowesha fundo kwa mate au maji, vuta polepole mpaka libane. Kata ncha inayobaki.

Juu ya nini kulowesha? Nailoni ikisuguana kavu inapata moto, na moto unaidhoofisha palepale fasi kazi iko.

3. KAMBA

Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers. Mbele yake watu walitumia nyuzi za mimea, hariri, manyoya ya mkia wa farasi. Nailoni ilishinda kwa sababu haiozi, haionekani sana mu maji, na inanyooka kidogo samaki anaporuka.

Ku karatasi ya kamba mtaona hesabu tatu: unene kwa milimita, nguvu kwa kilo, urefu kwa mita. Wengine wanaandika nguvu kwa ratili za Kiingereza. Ratili moja ni karibu kilo 0.45.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kamba ya 0.20 inabeba karibu kilo 3. Ya 0.40, inabeba ngapi? Wengi watajibu 6. Hapana. Nguvu inafuata eneo la duara, na eneo linafuata mraba wa unene. Unene mara mbili, nguvu mara nne: karibu kilo 12, kama nailoni ni ya aina moja. Mwalimu wa hesabu hakufundisha duara bure.

Je, tununue nene zaidi ili tusikose? Hapana tena. Kamba nene inaonekana, ni ngumu, na inapunguza mwendo wa chambo. Tunashauri hivi:
- Tilapia, maji yenye kutulia: 0.20 mpaka 0.25.
- Samaki wa mto wenye mkondo na mawe: 0.30 mpaka 0.35.
- Kambare, fasi yenye mizizi na magogo: 0.40 mpaka 0.50.
- Kuvuta kwa mkono bila fimbo: 0.50 au zaidi, kwa kuwa kamba nyembamba inakata vidole.

Ku soko, usikubali kamba iliyokaa juani mezani. Jua linakula nailoni kuliko maji. Vuta kipande cha mita moja, kipitishe kati ya vidole viwili. Kama ni cha kukwaruza, kama kimepata rangi ya maziwa, au kama kinabaki kimejikunja sawa chemchemi ya kalamu, rudisha. Funga fundo, vuta kwa mikono miwili. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Na siri moja ya wazee: ule mwisho wa kamba, kama nusu mita karibu na ndoana, uwe mwembamba kidogo kuliko kamba kubwa. Juu ya nini? Ndoana ikishikwa na gogo, lazima kitu kikatike. Afadhali kikatike kule mwisho, upoteze nusu mita na ndoana moja, kuliko kikatike karibu na mkono na kamba yote ibaki mtoni. Kamba inayobaki inafunga miguu ya ndege na ya mbuzi, na haiozi haraka. Vipande vya zamani vikatwe vidogo, vitupwe mu choo.

Kizito kisiwe cha plombi. Plombi ni sumu, na wamoja wana desturi ya kuiuma na meno ili ibane. Jiwe dogo lenye kiuno au nati ya zamani ya pikipiki inatosha.

4. FIMBO

Fimbo ina kazi tatu: kupeleka chambo mbali kidogo na ukingo, kukaza ndoana samaki anapouma, na kujipinda samaki anapovuta, ili kamba isipokee nguvu yote kwa mara moja. Kazi ya tatu wengi hawaijui. Fimbo ngumu sawa mwiko inakata kamba. Fimbo laini sawa majani haikazi ndoana.

Kwetu fimbo nzuri inaota bure: mabambu. Tafuta bambu lililokomaa, ambalo rangi ya kijani imeanza kufifia, tena ukiligonga linalia kwa sauti ngumu. Kwa urefu, mita tatu mpaka nne. Ondoa matawi kwa kisu, usichubue. Litundike kivulini ncha juu na jiwe limefungwa chini, linyooke, likauke kwa majuma kadhaa. Jua kali linalipasua. Moshi wa jikoni unafukuza wadudu. Zungushia uzi karibu na ncha.

Kitu cha maana: usifunge kamba ku ncha peke yake. Ianzie katikati ya fimbo, izunguke mpaka ncha, ifungwe tena pale. Ncha ikivunjika, samaki bado ni wako. Urefu wa kamba usipite sana urefu wa fimbo, la sivyo utamnyanyua samaki mpaka juu ya kichwa na kumtafuta mu majani.

Kama jamaa anakununulia fimbo ya duka, soma maandishi yake. Kuna urefu, na kuna hesabu ya gramu, kwa mfano 10–30. Hizo gramu ni uzito wa kizito na chambo ambao fimbo inaweza kurusha. Si uzito wa samaki. Pitisha kipande cha pamba mu kila pete ya fimbo. Fasi pamba inakwama kuna ufa, na ufa huo utakata kamba yako.

5. KIGURUDUMU: NANI ANAKIHITAJI?

Kigurudumu ni kile chombo cha kukunjia kamba chenye mkono wa kuzungusha. Kiko na faida mbili tu: kurusha mbali, na kumwachia samaki mkubwa kamba bila kuikata.

Zile picha mnazopitishiana mu simu, nyingi ni za samaki anayeitwa blaki-basi. Asili yake ni Marekani. Mu miaka ya 1920 aliletwa Kenya, ziwa Naivasha, kwa ajili ya wavuvi wa michezo. Yeye ni mwindaji: anajificha mu majani, anarukia kitu chochote chenye kukimbia. Mvuvi wake anarusha samaki wa bandia na kumvuta, mara mia kwa siku. Kwa kazi ile, fimbo fupi ngumu na kigurudumu chepesi ni lazima. Kwao ni akili. Lakini tilapia wetu hafukuzi samaki wa bandia. Anataka mnyoo uliotulia. Kumpelekea vifaa vya blaki-basi ni kuvaa buti za mpira kwenda kulala.

Kigurudumu kinafaa kwa nani kwetu? Kwa mwenye kuvua kambare wakubwa, au mwenye kuvua mto mpana fasi samaki wako mbali na ukingo. Ukikipata, chunguza haya:

- Kizungushe polepole. Kikikwaruza, mchanga umeingia ndani.
- Hesabu kama 5.2:1 maana yake ukizungusha mkono mara moja, kamba inajikunja mara 5.2. Hesabu kubwa ni mwendo, hesabu ndogo ni nguvu. Ni lile somo la gia za baiskeli.
- Jaza kamba mpaka ibaki milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Ikizidi inamwagika kwa vifundo. Ikipunguka hairuki mbali. Unapojaza, mwenzako aibane kidogo kwa kitambaa kilicholowa.
- Breki njo roho yake. Iachie kamba ikifika robo ya nguvu ya kamba. Kwa kamba ya kilo 6, robo ni kilo 1.5. Mizani hakuna? Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina kilo 1.5. Funga kamba ku shingo yake, inua polepole. Breki ianze kuteleza pale chupa inapotaka kuacha udongo. Ikiinuka tu bila kuteleza, legeza. Ikiteleza bila chupa kusogea, kaza.

Kwa wengine wote tunasema wazi: hifadhi pesa zako. Bambu, mita kumi za kamba nzuri na ndoana kumi vinashinda kigurudumu kizuri chenye kamba mbaya.

6. UPONE WEWE MBELE YA SAMAKI

Kwanza, mazuku. Upande wa Sake na Goma, mu mabonde madogo karibu na ziwa, kuna hewa ya kaboni inayotoka chini ya udongo. Haionekani, ni nzito kuliko hewa yetu, inalala fasi ya chini. Saa ya hatari zaidi ni usiku na alfajiri bila upepo, saa ileile ambayo wavuvi wanashuka. Ukiona ndege au mbuzi wamekufa ndani ya shimo, usishuke. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Piga kelele, ita watu wakubwa. Wengi wanakufa wakimfuata wa kwanza.

Pili, vyuma vya vita. Ukichimba minyoo, chimba fasi iliyolimwa na kujulikana, karibu na nyumba. Chuma usichokijua usikiguse, usikirushie jiwe, usikitumie kama kizito. Onyesha wakubwa.

Tatu, mkondo. Usijifunge kamba ku mkono wala ku kiuno. Usivue peke yako mu mto uliojaa mvua. Samaki akienda, aende.

7. KESHO PIA TUNATAKA KULA

Wamoja wanatia sumu ya majani mu kijito, wengine wanavuta samaki kwa chandarua cha mbu. Sumu inaua mayai na watoto wote pamoja na wakubwa, na watu wa chini wanakunywa maji yaleyale. Chandarua kinakomba wadogo wasiojaza hata kijiko, na nyumbani mtoto analala bila kinga ya malaria. Ndoana inachagua: ukiweka namba 8, samaki wa kidole anabaki mu maji akomae. Tilapia mama anabeba mayai na watoto mu kinywa. Ukimvuta akatapika vitoto, mrudishe pole. Wale ni samaki wa mwaka unaokuja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ndoana namba 12 na namba 6, ipi ni kubwa? Na 1/0 na 2/0?
2. Kamba ya 0.25 inabeba kilo 5. Ya 0.50 ya aina ileile inabeba karibu kilo ngapi?
3. Juu ya nini mwisho wa kamba uwe mwembamba?
4. Kamba yako ni ya kilo 8. Breki iachie ku kilo ngapi? Utapima na nini?
5. Mwenzako ameanguka mu mazuku. Utafanya nini, na hutafanya nini?

Majibu yaletwe kwetu wa mwaka wa sita mbele ya Ijumaa. Kwa wale wanaouliza kama Jumamosi kuna kutoka kwenda mtoni: ruhusa iko kwa Mkuu wa shule, haiko kwetu. Lakini anza kukausha bambu lako sasa, kwa kuwa bambu halingoji ruhusa.

Tunawatakia masomo mema na mikono yenye subira.